TAMKO LA MALI: KWA KONSELI TUNAFUNUA, KWA UMMA TUNAFUNIKA

Yeyote aliyepata kusafiri kwa basi katika mikoa ya magharibi anaijua Nzega. Ni njia panda. Atokaye Singida kwenda Shinyanga na Mwanza hupita hapo, na aendaye Tabora hukatia hapo kushoto. Kwa hiyo ni mji ambamo watu hukutana bila kuahidiana, na mengi ambayo mtu hangeyasema nyumbani kwake huyasema hapo, akisubiri gari.

Mwaka 2019 nilikuwa nikisubiri gari katika mji huo, nikaingia duka moja la kutolea nakala karibu na stendi. Humo nilimkuta ndugu mmoja niliyemfahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa kiongozi wa umma katika wilaya ambayo sitaitaja, tena ni mmoja wa wale ambao sheria inawataka watoe tamko la rasilimali na madeni kila mwaka. Juu ya meza alikuwa ametandaza jalada nene. Nduguye aliyepata uraia wa Marekani alikuwa amemwombea kuhamia huko zaidi ya miaka kumi nyuma. Sasa zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa akijiandaa kwa usaili wa viza.

Jalada lile lilikuwa na kila kitu. Taarifa za benki za mwaka mzima. Hati ya nyumba yake, na ripoti ya mthamini. Mkataba wa pango wa fremu nne za duka. Kadi za magari mawili. Hati ya shamba la mpunga. Na jambo ambalo sikulitegemea: karatasi za nyumba iliyoko katika mji wa nchi jirani. Madeni nayo aliyaandika, hata lile la shemeji yake.

“Hawa hawadanganywi, mdogo wangu,” aliniambia. “Ukisema uongo mbele ya konseli umejifungia mlango maisha yako yote.”

Nikamwuliza, “Na lile tamko la Desemba, kaka, nalo uliliandika hivi?”

Alicheka, lakini si kwa ubaya. “Ile ni fomu tu. Nani ataisoma?”

Swali hilo nimekaa nalo miaka mingi sasa. Nalileta leo mbele ya walimu na watumishi wa umma, kwa sababu naamini kwamba ndani yake mna aibu ya taifa zima.

Mbele ya konseli

Hebu kwanza tutazame namna mgeni anavyouliza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, pamoja na marekebisho yake, inamkataza konseli kumpa viza ya kuhamia mtu anayeelekea kuwa mzigo wa umma. Tangu Desemba 1997, ndugu anayemwombea jamaa yake hana budi kutia sahihi hati ya dhamana inayoweza kudaiwa mahakamani, akionyesha kwamba mapato yake hayapungui asilimia 125 ya kipimo cha umaskini cha nchi ile. Mapato yakipungua, mali huhesabiwa, ikiwemo mali ya mwombaji mwenyewe. Lakini si mali yoyote: ni ile tu iwezayo kugeuzwa fedha taslimu katika muda wa mwaka mmoja. Na kwa mtu anayeombewa na nduguye, thamani ya mali hiyo baada ya kuondoa madeni sharti iwe mara tano ya upungufu uliopo.

Basi nyumba ya Nzega, ambayo kwetu ni nyumba tu, mbele ya konseli inageuka kuwa mali ya ng'ambo. Inahitaji hati, inahitaji mthamini, inahitaji ushahidi kwamba yupo wa kuinunua. Mwezi Februari 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo iliongeza fomu nyingine ya maswali juu ya mapato, mali, madeni na bima ya afya ya mwombaji. Fomu hiyo ilisimamishwa na mahakama ya New York mwezi Julai mwaka huo huo. Lakini kwa muda ule mfupi walikuwapo wenzetu walioketi usiku kucha wakiijaza, wakihesabu hata thamani ya mashine ya kusaga.

Wala kuhoji hakuishii mlangoni. Mtu akishakuwa mkazi wa kudumu kule, sheria inamtaka kulipa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Na kama akaunti zake zilizoko nje ya Marekani kwa jumla zimezidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, anatakiwa kuzitaja moja moja kwa Wizara ya Fedha ya nchi ile. Akaunti ya benki iliyoko Nzega imo humo. Yaani Mtanzania akihamia Ohio, Serikali ya Marekani ina haki ya kuijua akaunti yake ya Nzega. Lakini akibaki Nzega, akawa kiongozi wa watu wa Nzega, watu hao hawana njia nyepesi ya kuijua.

Sina neno na Wamarekani katika hili. Mlango ni wao. Huufungua na kuufunga kwa wakati wao na kwa sababu zao, na kila mwenye nyumba humwuliza mgeni amebeba nini. Anayebisha hodi anajua masharti. Lililo la kulaumiwa liko kwetu. Kama kiongozi wetu anaweza kueleza mali yake yote, mpaka shilingi ya mwisho, mbele ya kijana wa kigeni aliyeketi nyuma ya kioo, basi hawezi tena kutuambia kwamba mali yake haielezeki. Inaelezeka. Anayo kwenye jalada. Ila ameamua ni nani astahiliye kuambiwa.

Hongo ya misafara

Watu wa nchi hii ya Unyamwezi wanaujua mchezo huu tangu zamani. Wakati wa misafara ya pembe kati ya Tabora na pwani, mpagazi alibeba mzigo asioujua bei yake, na kila msafara ulipofika kwa mtawala mwenye nguvu, hasa huko Ugogo, ulisimamishwa ukatozwa hongo. Mali ilipigiwa hesabu: vitambaa vingapi, shanga ngapi, waya kiasi gani. Tajiri alibishana na mtawala, mtawala akabishana na tajiri. Wote wawili waliijua thamani ya mzigo. Asiyeijua ni yule aliyekuwa nao begani.

Neno hongo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia. Leo lina maana ya rushwa. Maana imebadilika, lakini yule mpagazi amebaki pale pale.

Tazameni dhahabu ya Lusu. Mgodi wa Golden Pride, hapa hapa wilayani Nzega, ulikuwa wa kwanza katika migodi mikubwa ya dhahabu ya zama hizi nchini. Ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1990 na ukasimamisha uchimbaji katika miaka ya mwanzo ya 2010. Mwenyewe alikuwa kampuni ya Resolute ya Australia, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la nchi ile. Kwa kanuni za soko hilo, kampuni ya madini hutangaza hesabu zake kila robo mwaka. Kwa hiyo mstaafu wa mji wa Perth mwenye hisa mia moja aliweza kujua, akiwa anakunywa chai yake, ni wakia ngapi zimetoka Lusu katika miezi mitatu iliyopita na kwa gharama gani. Mwalimu wa Lusu, ambaye darasa lake lilitikisika baruti zilipolipuka, ilimbidi asubiri kusikia kwa wanasiasa kama halmashauri yake imelipwa ushuru wa huduma au bado. Hatukuibiwa siri, siri haikuwapo. Hesabu zilikuwa wazi kwa wenye mali, na sisi hatukuhesabiwa miongoni mwao.

Maskini huvuliwa hadharani

Mtu anaweza kusema kwamba sisi Waafrika hatuna desturi ya kutangaza mali. Uongo mtupu. Katika nchi hii mali na umaskini wa mtu hutangazwa kila siku, mradi mtu huyo awe mnyonge.

Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, uliozinduliwa mwaka 2012, hutaka majina ya kaya zinazopendekezwa yapelekwe mbele ya mkutano wa kijiji. Hapo mama mjane husikia jina lake likisomwa, na majirani huulizwa kama kweli ni maskini. Mmoja husema ana mbuzi. Mwingine husema mwanawe yuko Dar es Salaam na humletea fedha. Mama huyo hujieleza mbele ya watu wote, kwa ajili ya ruzuku isiyotosha hata bei ya mbuzi aliyetuhumiwa kuwa naye. Nasema wazi kwamba utaratibu huo una hekima yake: fedha ni ya umma, na umma una haki ya kuhakikisha. Nauliza tu kwa nini hekima hiyo iishie kwa mjane.

Kijana wa mkulima wa Bukene akitaka mkopo wa kusoma chuo kikuu, Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 humwuliza baba yake ni nani, anafanya kazi gani, amekufa au yu hai, na kama amekufa, cheti kiko wapi. Mwalimu naye hahitaji kuulizwa. Daraja lake linajulikana, mshahara wake unajulikana, makato yake yanajulikana. Na akikwama, humkabidhi mkopeshaji wa mtaani kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Hakuna konseli aliyewahi kudai kiasi hicho.

Huu ndio mpango wetu wa kufichua mali: aombaye kidogo huvuliwa nguo zote, aliyekabidhiwa vingi hufunikwa shuka. Je, si kinyume?

Tulikotoka

Hatukuanza hivyo. Mwezi Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Masharti ya uongozi yalikuwa mafupi na ya wazi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili pasiwe na mlango wa uani, Azimio lilieleza kwamba kiongozi ni pamoja na mkewe au mumewe. Waliolikubali walikubali, waliolikataa walijiondoa, na kila mmoja alijua wapi mwenzake amesimama.

Baadaye mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1983 tuliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu walitakiwa kueleza hata mifuko ya sukari iliyokuwa stoo. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya 1984, Serikali iliruhusu watu walio na fedha zao ng'ambo waagize bidhaa bila kuulizwa fedha hizo walizipataje. Siwahukumu waliofanya uamuzi huo. Maduka yalikuwa matupu na wananchi walihitaji nguo na sabuni. Lakini hapana shaka kwamba katika mwaka mmoja tulifundishwa masomo mawili yasiyopatana: mwenye gunia ndani ya nchi ajieleze, mwenye akaunti nje ya nchi asiulizwe. La pili ndilo lililotukaa zaidi.

Mwaka 1991, Zanzibar, masharti ya Azimio yalilegezwa, na kiongozi akaruhusiwa kumiliki. Wapo wanaolilia uamuzi huo hadi leo, na wapo wanaoushukuru. Hoja yangu si kurudisha nyuma saa. Hoja yangu ni kwamba ruhusa ile ilifuatwa na sharti. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, ilimtaka kila kiongozi aliyetajwa humo atoe tamko la maandishi: ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Atamke yake, ya mwenzi wake wa ndoa na ya watoto wake wadogo. Azimio lilisema, usimiliki. Sheria ya 1995 ilisema, miliki, lakini sema. Kiongozi anayemiliki bila kusema amechukua ruhusa akalitupa sharti, na huyo si mfuasi wa Arusha wala wa Zanzibar.

Tamko hilo hupelekwa Sekretarieti ya Maadili, ambayo ina ofisi ya kanda Tabora mjini, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Nzega. Sheria inataja daftari ambalo mwananchi aweza kulikagua kwa masharti. Niambieni, walimu wenzangu wa Nzega, Igunga na Uyui, ni nani kati yenu amewahi kuliona?

Vijisenti

Matokeo yake tumeyaona. Mwezi Aprili 2008 gazeti la Uingereza liliandika kwamba Waziri wa Miundombinu wa wakati huo, Ndugu Andrew Chenge, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika kisiwa cha Jersey. Wapelelezi wa Uingereza walikuwa wakichunguza ununuzi wa rada uliofanywa mwaka 2001 kwa pauni milioni 28. Ndugu Chenge alikana kwamba fedha hizo zilitokana na rada, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo hilo. Haki yake hiyo aiheshimu kila mtu. Lakini yeye mwenyewe, alipoulizwa na waandishi, alizitaja kuwa ni vijisenti. Na mwezi huo huo akajiuzulu.

Nisemalo mimi si kwamba fedha zile zilikuwa chafu. Nasema kwamba wananchi wa Bariadi waliomchagua walipata habari za Jersey kutoka London. Kama tamko lingekuwa linasomwa na umma, zingekuwa habari za kawaida: ama zingeelezwa zikaeleweka, ama zingehojiwa mapema. Siri ndiyo iliyozigeuza kuwa kashfa.

Na rada yenyewe je? Mwaka 2010 kampuni ya BAE ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza sawasawa hesabu za biashara ile, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, tulizoziita chenji ya rada, zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Yumkini mwalimu anayesoma makala haya alifundishia kitabu kimojawapo. Basi ajue kwamba alikipata kwa sababu katika nchi nyingine mtu alilazimishwa kufungua madaftari ya hesabu. Uwazi wa wageni umetununulia madawati. Wa kwetu umetununulia nini?

Visingizio

Wapo watakaosema kwamba mali ikitangazwa, wezi na wenye wivu watamwandama mtu. Katika sehemu zetu hizi hofu ya jicho la jirani si jambo la kuchekwa. Lakini ni nani asiyeijua nyumba yenye geti la chuma? Wafugaji wetu wana desturi ya kuwaweka ng'ombe kwa ndugu na marafiki katika vijiji mbalimbali. Hata hivyo kila mchungaji anajua huyu mwenye pembe iliyopinda ni wa nani. Mali iliyoko Nzega haifichiki kwa watu wa Nzega. Inayofichika ni ile iliyoko mbali, na hiyo hakuna mwizi wa Nzega atakayeifuata.

Wengine husema watu wema wataukimbia uongozi. Mwalimu hajaukimbia ualimu kwa kuwa mshahara wake unajulikana. Na yule ndugu wa jalada hakuukimbia usaili. Aliufuata kwa nauli yake. Mtu anayependa viza kuliko siri yake, lakini anapenda siri yake kuliko imani ya wananchi, ametueleza mwenyewe thamani anayotupa.

Wako pia wanaosema, hata mkiyatangaza matamko, wajanja wataandika mali kwa majina ya mashemeji. Ni kweli, wataandika. Lakini hoja hiyo ndiyo inayotaka tamko lisomwe hadharani badala ya kufungiwa. Ofisa wa Sekretarieti aliyeko Tabora, hata awe hodari namna gani, hawezi kujua kwamba nyumba ya wageni iliyoko kando ya barabara imejengwa kwa fedha za nani. Anayejua ni fundi aliyelipwa, mama aliyewapikia mafundi, na mwalimu ambaye shule yake inatazamana nayo. Hao ndio wakaguzi, na hawadai posho. Tunawanyima tu karatasi ya kulinganishia.

Na wapo wanaosema kwamba jambo hili ni la kigeni. Nimekwisha kuwajibu kwa Azimio, nawaongezea jirani. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2003, kila mtumishi wa umma alitakiwa kutoa tamko kila baada ya miaka miwili, hata mwalimu wa shule ya msingi, kwa tume yake ya walimu. Sisi tumewaomba viongozi peke yao, na bado inaonekana ni mzigo.

Lifanywe nini

Rais Benjamin Mkapa alipoingia madarakani mwaka 1995 alitangaza hadharani mali yake na ya mkewe. Nchi haikutikisika. Wananchi walisikiliza, wakarudi mashambani. Desturi hiyo haikuendelezwa, na hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu jambo jema lililotegemea hiari ya mtu mmoja lilikwisha pamoja na hiari hiyo.

Kwanza, basi, muhtasari wa kila tamko ubandikwe katika ofisi ya wilaya, kama yanavyobandikwa majina ya wapiga kura. Namba za akaunti na majina ya watoto yaondolewe. Mali na madeni yabaki.

Pili, mali ya ng'ambo ipewe ukurasa wake: nyumba, akaunti, hisa, iwe Nairobi, Dubai au London. Sheria haikuitenga mali hiyo, na mazoea yetu yasiitenge.

Tatu, kiongozi anayeomba kuhamia nchi ya kigeni aijulishe Sekretarieti, na atie sahihi kwamba aliyoyaandika ubalozini hayapishani na aliyoyaandika nyumbani. Kwa mkweli ni dakika moja.

Nne, tamko la kuingia na la kutoka yawekwe ubavu kwa ubavu, yasomwe siku moja. Tofauti ikielezeka, tumpongeze. Isipoelezeka, sheria ifuate mkondo wake.

Na Chama ndicho cha kutangulia. Chama kilichorithi Azimio, ndicho hicho kilicholegeza masharti Zanzibar. Hakuna mwingine anayeweza kubebeshwa deni hili. Wagombea wetu wanaopita vijijini kuomba kura waanze kwa kusoma mali zao katika mkutano ule ule ambao mjane hutajiwa mbuzi wake.

Anayedai wengine waseme hana budi kusema. Mimi nina kiwanja kimoja Nzega mjini, hakijajengwa. Nina ng'ombe sita kwa mjomba wangu, upande wa Itobo. Mmoja ni wa dada yangu, na mjomba anamjua. Nina pikipiki. Nadaiwa na Bodi ya Mikopo, na kila mwezi hukatwa. Ng'ambo sina kitu. Nimeandika mistari mitano na sikuona uchungu wowote. Wenye kurasa nyingi zaidi watachukua muda mrefu zaidi, lakini kalamu ni ile ile.

Ndugu yule aliniuliza, nani ataisoma? Aliuliza akiamini kwamba jibu ni hakuna, na wakati ule alikuwa na haki ya kuamini hivyo. Kazi yetu sisi watumishi na walimu, tunaojua kusoma na tunaowafundisha wengine kusoma, ni kuhakikisha kwamba kiongozi ajaye, akiketi kujaza fomu yake usiku wa mwisho wa Desemba, awe na hakika kwamba asubuhi tutakuwa tumesimama mbele ya ubao tukiisoma.